Shajara ya Fuso: kuzuia injini kuchemsha lori likiwa limesimama

Januari, kabla ya kufungua chochote

Lori ni Mitsubishi Fuso Fighter la 1996, injini 6D16, silinda sita, lita 7.5, halina tabo (turbo ya kusukumia hewa injini). Umeme wake ni volti 24 na pampu ya dizeli ni ile ya zamani isiyojua kompyuta. Linabeba saruji kutoka Tororo, Uganda, kwenda kaskazini hadi Elegu, mpakani na Sudan Kusini, na kurudi na simsim au mahindi kutegemea msimu. Likipata nafasi linashuka na mzigo Malaba, mpakani na Kenya, au Kampala.

Likiwa linatembea halina neno. Linapanda vilima na mzigo kamili na sindano ya joto imetulia katikati. Shida huanza likisimama huku injini inaunguruma: foleni ya Malaba, mizani ya Magamaga, au ule msongamano wa Mukono hadi Banda ambao kila dereva wa Jinja Road anaufahamu. Sindano inapanda pole pole, haishuki, na mwisho tenki la akiba la maji linaanza kububujika. Gari likianza kutembea tena, joto linashuka kabla hujamaliza gia.

Naulizwa sana kwa nini nisizime tu. Foleni ikiwa imekufa kabisa, nazima. Lakini foleni ya mpakani husogea urefu wa lori moja, husimama, husogea tena, na breki za upepo za gari la umri huu hazishiki presha muda mrefu. Kisha kuzima injini iliyokwisha kupata moto kuna ubaya wake. Pampu ya maji inasimama papo hapo, na joto lote lililo ndani ya silinda hedi linaingia kwenye maji yasiyotembea. Ndiyo maana magari mengi hutapika maji dakika chache baada ya kuzimwa.

Ushauri niliopewa barabarani unafanana kote: toa themostati, ile vali ya joto inayofungulia maji njia ya kwenda rejeta (kipozea maji), utupe. Sitaitoa, na sababu nitaiandika chini kwa sababu ni jambo linaloua injini nyingi huku kwetu.

Januari, hesabu ya joto

Nimekaa na karatasi kabla ya kushika spana. Injini ya dizeli ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, haitakiwi kuchemsha. Inavuta hewa nyingi na kuchoma mafuta kidogo sana, na ikiwa nzima hupoa ikiachwa inguruma. Tuseme hii yangu inachoma lita mbili kwa saa. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban megajuli 36, kwa hiyo lita mbili kwa saa ni kama kilowati 20. Karibu theluthi ya hiyo ndiyo inayoingia kwenye maji, yaani kilowati sita au saba. Likipanda kilima na mzigo linachoma mafuta mara nyingi zaidi ya hapo, na rejeta hiyohiyo inalimudu joto lote.

Kwa hiyo rejeta inayoweza kilima haiwezi kushindwa na sailensa isipokuwa kitu kimoja kimekosekana, na kitu hicho ni upepo. Barabarani mwendo wa gari ndio unaosukuma hewa ndani ya rejeta. Likisimama, feni inabaki peke yake. Mpango wangu kwa hiyo unaanza na hewa, maji yafuate. Kabla ya yote nilifungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi, nikaiwasha na kuangalia kama maji yanatoa mapovu mfululizo. Hayakutoa. Mpira wa juu, unaoleta maji ya moto kutoka injini hadi rejeta, nao hauwi mgumu injini ikiwa imelala usiku kucha. Hizo ndizo dalili za gasketi ya hedi inayovuja, kwa hiyo naiweka kando.

Januari, vipimo

Geji ya dashibodi haina namba, ina mistari tu, nami sitaki kutengeneza kitu nisichoweza kukipima. Nilifungua sensa yake, nikaiunga waya wa bodi, nikaichovya kwenye sufuria ya maji yanayochemka kwenye jiko la mkaa. Tororo iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 96, hayafiki 100. Sindano ilipotulia nikaweka alama ya rangi nyekundu kwenye kioo. Sasa najua 96 iko wapi.

Kwa mipira ya maji natumia kipima joto cha mwanga, kile cha kulenga kama bastola. Kinasoma vizuri kwenye mpira mweusi. Kwenye shaba au bati linalong'aa kinadanganya, kwa hiyo sehemu hizo nabandika kipande cha utepe mweusi wa umeme na kulenga hapo.

Nililisimamisha lori mchana, hewa ya kivulini nyuzi 31, injini kwenye mizunguko 600 hivi kwa dakika. Baada ya nusu saa mpira wa juu ulikuwa 97 na bado unapanda. Mpira wa chini 88.

Tofauti hiyo ndogo ina habari nyingi. Kama njia za ndani ya rejeta zingekuwa zimeziba, maji machache yangepita polepole na kutoka chini yakiwa yamepoa sana. Hapa maji yanazunguka, yanaingia moto na kutoka moto. Hayapozwi.

Mzee mmoja fundi ambaye amefungua injini za malori tangu enzi za Bedford alikuwa amekaa pembeni akiniangalia. Akauliza, "Kijana wangu, hiyo hewa ya mbele ya rejeta umeipima?" Nikamwambia, "Mzee, hewa si ni ileile, 31?" Akasema, "Pima."

Nilining'iniza kipima joto cha kawaida nyuma ya grili, mbele ya rejeta, mbali kidogo na chuma. Kilisoma 46.

Hapo ndipo mradi wote ulipogeuka. Rejeta yangu haipati hewa ya nyuzi 31. Inapozwa kwa hewa iliyokwisha kupita kwenye rejeta, ikapata joto, ikazunguka na kurudi mbele. Tukawasha kijiti cha ubani na kukizungusha kwenye kingo. Moshi ulivutwa kutoka chini ya injini, ukapita chini ya rejeta ukielekea mbele, kisha ukaingia tena ndani. Pembeni nako vilevile. Katikati, karibu na feni, moshi mwingine ulitoka kwenye ncha za mapanga na kurudi kwenye rejeta badala ya kwenda nyuma.

Sababu ilionekana kwa macho. Kava la feni, yaani bati linalozunguka feni na kuiunganisha na rejeta, halipo. Matundu ya boliti zake yako kwenye fremu ya rejeta, yameota kutu. Katika matengenezo ya zamani, kabla lori halijafika kwetu, mtu alilitoa na halikurudishwa. Feni isiyo na kava inavuta hewa kutoka popote palipo karibu, na palipo karibu ni nyuma ya mapanga yake yenyewe.

Mwishoni mwa Januari, kusafisha

Kabla ya kava, uchafu. Mbele ya rejeta kulikuwa na wavu wa mbu uliofungwa kwa waya. Naelewa aliyeuweka: ukipita Jinja jioni wakati sami, wale wadudu wadogo wa ziwa, wametoka ziwani, wanajaa kwenye grili kama uji. Lakini wavu ule ulikuwa na sami wa miaka, mbegu za majani na vumbi jekundu la marramu, na hewa ilikuwa haipiti. Umeondoka.

Mapezi ya rejeta niliyaosha kwa sabuni na maji ya mpira wa bustani kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Mashine ya presha ya kuoshea magari siitumii hapa. Inalaza mapezi, na pezi lililolala linaziba hewa kuliko tope. Yaliyokuwa yamelala tayari niliyanyoosha moja moja kwa bisibisi nyembamba. Ni kazi ya kuchosha shingo na inafaa kila dakika. Taa mbili kubwa zilizokuwa zimefungwa katikati ya bulbaa (vyuma vya kinga vya mbele) nimezisogeza pembeni.

Mpira wa juu baada ya kusafisha: 94 kwa muda uleule. Umeshuka, hautoshi.

Februari, klachi ya feni

Feni yangu haijafungwa moja kwa moja kwenye puli. Katikati kuna klachi yenye mafuta ya silikoni na springi ya metali mbili kwa mbele. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya moto, springi inafungua njia, mafuta yanaingia kati ya sahani, na feni inashikwa. Hewa ikiwa baridi feni inateleza na kuokoa dizeli. Mafuta hayo yakivuja, feni inaendelea kuzunguka kwa uvivu hata injini ikiwa moto, na ukiiangalia kwa macho utadhani inafanya kazi.

Kipimo chake ni rahisi. Injini ikiwa moto kabisa, izime na uangalie feni: inapaswa kusimama karibu papo hapo. Ikiendelea kuzunguka yenyewe, klachi imekufa. Kisha, injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako, izungushe kwa mkono. Inapaswa kuwa nzito. Yangu ilikuwa nyepesi, na kuzunguka springi kulikuwa na vumbi lililogandana na mafuta.

Nilikwenda Kampala, soko la Kisekka, kutafuta nyingine. Duka la kwanza walinipa mpya yenye boksi zuri lakini ndani haikuwa na uzito wowote ikizungushwa, nikairudisha palepale kaunta. Nilinunua iliyotumika kutoka kwenye injini ya Japani, nikaizungusha mkono mwenyewe kabla ya kutoa pesa, nzito na kavu isiyo na dalili ya kuvuja. Ushauri wangu kwa anayenunua: usikubali kufungiwa kwenye mfuko kabla hujaizungusha.

Mkanda wa feni nao nimebadilisha. Wa zamani ulikuwa unang'aa kwa ndani, dalili kwamba unateleza. Mpya nimeukaza mpaka ukiubonyeza kwa dole gumba kwa nguvu katikati unazama milimita kama 12.

Februari, kava la feni

Hii ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Kava la asili sikulipata, na nililoletewa lilikuwa la modeli nyingine. Basi tumelitengeneza Tororo, na fundi bati, kutoka kwenye pipa la mafuta la lita 200 lililokatwa na kunyooshwa.

Kwanza nilibadilisha raba moja ya kushikilia injini iliyokuwa imepasuka. Huwezi kupima kava kama injini inacheza. Rejeta imefungwa kwenye fremu na feni imefungwa kwenye injini, na injini ya dizeli hutikisika sana inapowashwa na inapozimwa. Nafasi kati ya ncha za mapanga na ukingo wa kava lazima iruhusu mtikisiko huo. Ikiwa ndogo mno, mapanga yatakula bati na huenda yakaingia kwenye rejeta. Ikiwa kubwa mno, hewa itarudi nyuma kupitia hapo. Feni yangu ina kipenyo cha milimita 560. Tundu la kava tumelikata 610, yaani milimita 25 kila upande.

Jambo la pili ni kina. Mapanga yanatakiwa kukaa nusu ndani ya pete ya kava na nusu nje, upande wa injini. Yakizama yote ndani, hewa haipati njia ya kusambaa kuelekea nyuma. Yakitoka yote nje, kava linakuwa pambo. Tulifunga kava kwa muda kwa waya, tukapima, tukalitoa, tukakunja ukingo upya, tukarudisha. Fundi bati alikuwa na subira ya ajabu, na aliponielewa kwamba bati lote lazima lifunike uso mzima wa rejeta bila mwanya, alianza kuziba pembe ambazo mimi nilikuwa nimeridhika nazo.

Kwenye pembe mbili za chini tumekata madirisha na kuyafunika kwa vipande vya mpira vilivyofungwa juu tu. Lori likisimama, mvuto wa feni unavibana vipande hivyo na madirisha yanafungwa. Likikimbia, upepo wa mbele unavisukuma na hewa ya ziada inatoka. Bila hivyo kava lingeweza kubana hewa kwenye mwendo wa kasi, na kwenye mwendo lori langu halikuwa na shida, sitaki kulitafutia.

Kisha kingo. Kati ya fremu ya rejeta na bodi, juu, pembeni na hasa chini, nimefunga vitambaa vya mpira vilivyokatwa kwenye tyubu kuukuu ya tairi la lori. Chini ndiko moshi wa ubani ulikokuwa unapita kwa wingi: hewa ya moto inagonga ardhi chini ya injini na kurudi mbele. Sasa kuna pazia la mpira hapo linaloshuka kiasi cha kutogusa matuta. Nati zote ni za nailoni ndani ili zisifunguke kwa mtikisiko.

Vipimo, mahali palepale, mchana, kivulini nyuzi 31: hewa ya mbele ya rejeta 34. Mpira wa juu 86, umetulia, haupandi. Mpira wa chini 74. Nililiacha linguruma mpaka tanboi (utingo wangu) akaniuliza kama nimesahau kuzima.

Watu kadhaa walinishauri feni ya umeme ya basi badala ya haya yote. Feni ya umeme ya ukubwa unaofaa ingekula kama ampea 10 kwenye volti 24, yaani wati 240, na altaneta ya zamani kwenye sailensa haina ziada kubwa ya kugawa, hasa usiku taa zikiwa zimewaka. Feni ya mkanda yenye kava zuri inasukuma hewa nyingi kuliko hiyo. Mwenye feni nzuri na kava hana haja nayo.

Februari, Elegu

Jaribio la kweli. Tumepita Mbale, Soroti, Lira, Kamdini, Gulu na Atiak na saruji kamili. Februari huko ni ukame, jua kali. Elegu iko chini sana ukilinganisha na Tororo, haifiki mita 700, kwa hiyo maji yanachemka juu zaidi kidogo, lakini hewa yenyewe ni ya tanuri: kivulini kipimo kilisoma 37. Foleni ilikuwa ya kusogea na kusimama, na lori la mbele yetu lilikuwa linatupulizia moshi wake usoni.

Mpira wa juu ulifika 92, ukakaa hapo. Nilipovuta kitufe cha dashibodi cha kuongeza sailensa hadi mizunguko 1,000, ukashuka hadi 88. Kutoka 600 hadi 1,000, feni na pampu ya maji vyote vinazunguka kwa theluthi mbili zaidi, ilhali mafuta yanayoongezeka hayaleti joto la kushinda hewa hiyo. Dereva mmoja kutoka Mombasa aliyekuwa nyuma yetu alikuwa amefungua mfuniko wa injini yake akimwagia rejeta maji kwa ndoo. Nilimwita, "Ndugu yangu, njoo uone." Alipiga picha kava kutoka pande zote, na akaomba vipimo. Nimempa.

Machi, maji, mfuniko na themostati

Mvua zimeanza, nami nilikuwa nazisubiri kwa ajili ya maji. Rejeta hii imekunywa maji ya visima vya pampu miaka mingi, na maji hayo huacha chokaa. Nimeisafisha kwa asidi ya limau ya unga iliyoyeyushwa, injini ikinguruma mpaka joto la kazi, kisha nikamwaga na kusuuza mpaka maji yakatoka meupe. Nimejaza kulanti (dawa ya maji ya rejeta) theluthi moja na maji ya mvua theluthi mbili, yaliyokingwa baada ya mvua ya kwanza kuosha paa. Huku hakuna baridi ya kugandisha maji. Ninachotaka kwenye kulanti ni dawa ya kutu, na maji yenyewe hubeba joto vizuri kuliko kulanti tupu.

Mfuniko wa rejeta umebadilishwa, wa 0.9. Namba hiyo ndiyo presha unayoishikilia, na kwa kimo cha Tororo inapandisha kiwango cha kuchemka kutoka 96 hadi karibu 115. Mfuniko wenye raba iliyokufa unakuondolea nyuzi zote hizo kimya kimya, na ni kitu cha bei ndogo kabisa kwenye mfumo wote.

Sasa themostati. Yangu imeandikwa 82. Niliining'iniza kwa uzi kwenye sufuria pamoja na kipima joto: ilianza kufunguka kwenye 82 na ilikuwa wazi kabisa kabla maji hayajachemka. Ni nzima, imerudi mahali pake. Themostati ya aina hii ina sahani ya pili chini. Inapofunguka kuelekea rejeta, sahani hiyo inafunga njia fupi ya maji yanayorudi kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi daima, na sehemu kubwa ya maji inazunguka ndani ya injini tu. Kwenye kilima huenda usione. Kwenye foleni, pampu ikizunguka polepole, utachemsha, na asubuhi injini itakaa baridi muda mrefu ikichakaa. Kama themostati imekwama, nunua nyingine. Usiache tundu.

Machi, kilichobaki

Hita ya kabini ilikuwa imekatwa na mipira yake miwili kuunganishwa pamoja. Nataka kuirudisha. Hita iliyofunguliwa mwisho na feni yake ikipuliza ni rejeta ndogo ya pili, na siku klachi ya feni itakapokufa kabla ya Karuma nitaihitaji, hata kama tutaoga jasho.

Pampu ya maji ina alama ya unyevu kwenye tundu lake la chini, lile linaloonyesha sili imeanza kuchoka. Haijaanza kudondosha. Nimeagiza sili na beringi, na itafunguliwa kabla ya msimu wa mahindi. Pazia la mpira la chini limechanika upande wa kushoto kwenye tuta la Kamdini. Nitalikata fupi kidogo na kuongeza la pili nyuma yake.